Kaka yangu amefanyiwa upasuaji wa saratani ya utumbo mpana: je, tiba iendeleeje, na sisi wadogo zake tupimwe lini?

Mdogo wa Mgonjwa, Mwanza

Ndugu zangu, salaam. Naandika nikiwa na karatasi ya majibu ya patholojia ya kaka yangu mkubwa mkononi, na ninaomba msaada wa wenye ujuzi ili familia yetu ifikie uamuzi sahihi kabla muda haujatupita.

Kaka ana umri wa miaka 46, na kazi yake ni kununua samaki mwaloni na kuwasafirisha katika barafu. Kwa zaidi ya mwaka mmoja alikuwa akiona damu katika choo, leo kidogo, kesho nyingi, na kila alipokwenda zahanati alipewa dawa za bawasiri. Baadaye, kwa kuwa tunaishi kando ya ziwa, alipewa dawa za kichocho, kisha za amiba. Hakuna aliyempima njia ya haja kubwa kwa kidole, wala aliyemtajia kipimo cha kamera. Choo kikaanza kuwa chembamba, tumbo likawa linajaa gesi na kunyonga kwa vipindi, hadi siku moja likafunga kabisa, hewa haitoki wala haja haitoki, tumbo likavimba na akaanza kutapika. Tulimkimbiza hospitali ya rufaa, akafanyiwa upasuaji wa dharura usiku uleule. Walikata sehemu ya chini ya utumbo mpana upande wa kushoto, wakamtolea tundu la choo tumboni.

Majibu yanasema ni saratani ya utumbo mpana iliyopenya misuli ya ukuta wa utumbo bila kutoboa utando wa nje, na kwamba kati ya tezi za limfu 14 zilizopimwa, 3 zimekutwa na ugonjwa. Kipimo cha CT cha kifua na tumbo hakikuonyesha kitu kwenye ini wala mapafu. Tumeambiwa hiyo ni hatua ya tatu na kwamba aanze tibakemia, na hapo ndipo familia ilipogawanyika. Baba zetu wadogo wanasema uvimbe umekwisha kutolewa wote, basi dawa kali ya nini tena. Wameshamletea majani ya mstafeli ya kuchemsha, na wanataka akae kwa mtaalamu wa tiba asili kwa miezi mitatu, kisha arudi hospitali akiwa na nguvu. Mwenyewe ananyamaza tu. Kinachomtesa zaidi ni ule mfuko wa kupokea choo uliobandikwa kwenye tundu la tumboni. Hataki kutoka nje wala kupokea wageni.

Naomba kuelewa kama tibakemia hiyo ni ya lazima kwa mtu ambaye uvimbe wake umeshaondolewa, na kama kuna hasara yoyote akichelewa. Pia naomba kujua kuhusu sisi wengine: mimi nina miaka 38, mdogo wetu wa mwisho ana 31, na mtoto mkubwa wa kaka ana 19. Wote ni wazima, hakuna anayelalamika tumbo.


Daktari wa Upasuaji, Dodoma

Dada, poleni sana, na umfikishie kaka salamu zangu. Nianze na lile linalobanwa na muda, kwa sababu mengine yanaweza kusubiri wiki moja au mbili, hili haliwezi.

Daktari wa upasuaji anaposema kwamba ameondoa uvimbe wote, anazungumzia kile ambacho macho na mikono yake imekifikia. Tezi za limfu ni vituo ambavyo majimaji yanayotoka kwenye ukuta wa utumbo hupitia, na zinapokutwa na saratani, maana yake ni kwamba chembe za ugonjwa zilikwisha kuanza safari. Baadhi yake huenda zimetulia mahali fulani mwilini zikiwa ndogo kiasi ambacho hakuna kipimo cha picha kinachoweza kuziona. Tibakemia baada ya upasuaji inazifuata chembe hizo. Jambo hili lilikwisha kupimwa kwa wagonjwa halisi. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Charles Moertel walichapisha matokeo ya wagonjwa wa hatua ya tatu waliopewa fluorourasili pamoja na levamisoli baada ya upasuaji, na vifo vilipungua kwa takribani theluthi moja vikilinganishwa na vya wale waliopasuliwa tu. Levamisoli iliachwa baadaye, fluorourasili ikabaki, na mwaka 2004 ikathibitika kwamba kuongeza oksaliplatini hupunguza zaidi uwezekano wa ugonjwa kurudi.

Dawa hiyo inafaa ianze ndani ya wiki 8 baada ya upasuaji, mara tu kidonda kinapokuwa kimepona na mgonjwa anakula vizuri, kwa kuwa kadiri wiki zinavyosogea baada ya hapo ndivyo faida yake inavyopungua. Miezi mitatu ya kusubiri inamtoa kaka kabisa nje ya muda huo. Na hapa ninaomba mzungumze na baba zenu wadogo kwa utulivu, kwa sababu kuna jambo ambalo huenda hawakuelezwa: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018, uliojumlisha wagonjwa zaidi ya 12,000, ulionyesha kwamba kwa mtu mwenye tezi 1 hadi 3 zenye ugonjwa, na uvimbe ambao haujatoboa utando wa nje, miezi 3 ya oksaliplatini na vidonge vya kapesitabini inakaribia sana kufanya kazi sawa na miezi 6. Daktari wake wa saratani ndiye atakayeamua, akizingatia kwamba kaka alifika utumbo ukiwa umeziba, lakini inawezekana kabisa kwamba ile miezi mitatu wanayotaka aitumie kwenye majani ndiyo hiyohiyo ambayo ingetosha kumaliza dozi nzima.

Kuhusu stafeli, tunda lenyewe siligombi. Majani na mbegu ni suala jingine, maana yana kemikali iitwayo anonasini inayodhuru mishipa ya fahamu. Katika kisiwa cha Guadeloupe, ambako watu wengi hutumia chai ya majani hayo, watafiti wamehusisha matumizi yake ya muda mrefu na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili unaofanana na Parkinson. Oksaliplatini nayo inagusa mishipa ya fahamu, kwa hiyo kuvichanganya viwili hivyo ni kumwongezea mgonjwa mzigo. Kama ameshakunywa, amwambie daktari wake bila kuogopa kugombezwa.

Kuna jambo jingine ambalo mara nyingi husahaulika kwa mgonjwa aliyepasuliwa kwa dharura. Kwa kuwa utumbo ulikuwa umeziba, hakuna aliyeweza kuingiza kamera na kuukagua wote kabla ya upasuaji. Sehemu iliyobaki lazima ikaguliwe kwa kolonoskopi, kwa kawaida ndani ya miezi 3 hadi 6, kupitia lile tundu la tumboni na kupitia njia ya haja kubwa, kwa sababu wapo wagonjwa wenye uvimbe wa pili upande wa kulia ambao haukuonekana. Kabla ya kufikiria kuunganisha utumbo na kufunga tundu, ukaguzi huo uwe umefanyika.

Sasa ninyi ndugu. Saratani nyingi za utumbo mpana huanzia kwenye polipu, yaani kinyama kidogo kinachoota kwenye ukuta wa ndani, na kwa kawaida huchukua miaka 10 hivi kabla hakijageuka kuwa saratani. Kolonoskopi inakiona na kukikata papo hapo, na hapo saratani ambayo ingekuja inakuwa imezuiwa kabla ya kuanza. Kwa mtu ambaye mzazi, ndugu au mtoto wake ameugua, mwongozo unaotumika sehemu nyingi ni kuanza kolonoskopi akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yake aligundulika, umri ulio mdogo kati ya hiyo miwili. Kaka amegundulika akiwa na miaka 46, kwa hiyo umri wenu wa kuanza ni 36. Wewe umeshaupita, na ninakushauri upange kipimo hicho mwaka huu, ingawa hujisikii kuumwa popote. Mdogo wako ana nafasi ya kusubiri, isipokuwa akianza kuona damu, choo kubadilika kwa wiki kadhaa, au akikutwa na upungufu wa damu usioeleweka. Na asidhani kwamba damu itaonekana kwa macho: uvimbe ulio upande wa kulia wa utumbo huvuja polepole sana, na mtu hugundulika kwa uchovu na damu pungufu inayotibiwa kwa vidonge vya chuma mwaka mzima bila anayeuliza damu inakwenda wapi.

Naomba unijibu swali moja kabla sijasema zaidi. Katika ukoo, upande wa baba au wa mama, kuna mtu aliyewahi kuugua saratani ya utumbo, ya tumbo, au ya mji wa mimba, hasa kabla ya miaka 50?


Muuguzi wa Kitengo cha Saratani, Dar es Salaam

Dada yangu, nimesoma kwamba kaka anafanya kazi na samaki wa barafu, nikaona nisikae kimya. Kazi yangu ni kutoa dripu za tibakemia, na hayo mambo madogo ya nyumbani ndiyo yanayowafanya wagonjwa wamalize dawa au waiache njiani.

Oksaliplatini humfanya mgonjwa ahisi baridi kama sindano. Kwa siku kadhaa baada ya dripu, akishika chuma kilicho baridi vidole vinachoma na kufa ganzi, na akinywa maji ya friji koo linabana hadi anadhani hawezi kupumua. Haimuui, bali inatisha sana kwa asiyeambiwa. Kwa hiyo kaka asishike barafu wala samaki waliogandishwa katika kipindi chote cha tiba. Atafute mtu wa kupakia na kupakua, yeye asimamie hesabu. Anywe maji ya uvuguvugu, na asubuhi ya baridi avae soksi na glavu za kawaida. Ganzi ikianza kubaki hadi dripu inayofuata, au akishindwa kufunga vifungo vya shati, aseme siku hiyohiyo, kwa sababu daktari anaweza kupunguza au kusimamisha dawa hiyo kabla ganzi haijawa ya kudumu.

Vidonge vya kapesitabini humezwa asubuhi na jioni ndani ya nusu saa baada ya chakula, siku 14 mfululizo, kisha anapumzika siku 7. Viganja na nyayo vinaweza kuwa vyekundu, kuuma na kuchubuka. Apake mafuta yasiyo na manukato mara nyingi kwa siku, aache viatu vya kubana, na ngozi ikianza kupasuka asimeze dozi inayofuata kabla hajaongea na kliniki. Akiharisha mara 4 au zaidi kuliko kawaida yake kwa siku, afanye vivyo hivyo. Kwa mwenye mfuko, hesabu ni mara ambazo unajaa.

Jambo ninalowasisitizia ndugu wa kila mgonjwa ni homa. Kwetu mtu akipata joto tunafikiria malaria, tunanunua dawa ya mseto duka la dawa na kumfunika shuka. Kwa mtu aliye kwenye tibakemia hilo ni hatari kubwa. Dawa hupunguza chembe nyeupe za damu zinazopambana na wadudu, na homa ya nyuzi 38 au zaidi inaweza kuwa maambukizi ambayo yatamzidi ndani ya saa chache. Nunueni kipimajoto. Homa ikifika hapo, hata kama ni usiku wa manane, aende hospitali yenye uwezo wa kumpima damu na kumwanzishia antibiotiki ya mshipa, na mtu wa kwanza anayempokea aambiwe kwa sauti: huyu yuko kwenye tibakemia. Kipimo cha malaria kifanyike hukohuko.

Tiba hii kwa Kanda ya Ziwa inapatikana hospitali ya Bugando, hapohapo Mwanza, hivyo hana haja ya kusafiri hadi taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa ajili ya dripu. Nendeni na kadi ya bima pamoja na nakala halisi ya majibu ya patholojia; siku nyingi hupotea kwa sababu ya karatasi hiyo moja.


Mwenye Mfuko, Mombasa

Dada, mpe kaka yako ujumbe huu kutoka kwa mtu anayevaa mfuko kama wake. Uvimbe wangu ulikuwa chini kabisa, karibu na njia ya haja, kwa hivyo mimi tundu langu ni la maisha; la kwake, kwa maelezo uliyoyatoa, huenda likafungwa. Aliponyamaza nilimuelewa bila ya kumuona, kwa kuwa hata mimi kilichonikosesha usingizi si neno saratani bali ni harufu, na hofu kwamba mfuko utavuja mbele za watu.

Mfuko hauvuji ukikaa vizuri, na siri iko kwenye kukata. Katika wiki za mwanzo tundu hupungua ukubwa kila siku, kwa hivyo kipimo cha hospitali hakifai tena baada ya siku chache. Apime kila anapobadilisha, akate shimo la bamba, lile lenye gundi linaloshika mfuko tumboni, liizidi stoma, yaani tundu lenyewe, kwa milimita 2 au 3 tu. Likiwa kubwa, choo kitagusa ngozi na kuichoma, na ngozi iliyochubuka haishiki gundi, ndipo kuvuja kunapoanza. Aoshe kwa maji matupu ya uvuguvugu, akaushe kwa kitambaa laini, asitumie sabuni ya manukato wala mafuta ya kujipaka. Mifuko ni ghali na si kila duka la dawa linayo, basi aulize hospitalini ni aina gani wanayopata kwa uhakika kabla hajazoea aina ambayo ataikosa. Nimewaona wenzetu wakifunga mfuko wa nailoni na kitambaa kwa kukosa pesa. Ikibidi iwe hivyo kwa siku mbili tatu, ngozi ipakwe krimu ya zinki kwanza.

Mimi ni Muislamu, na swali langu la kwanza lilikuwa swala. Nilimuendea imamu wa msikiti wetu, akanieleza kwamba hukumu yangu ni ya mwenye udhuru: natia udhu unapoingia wakati wa kila swala, nasali, na kinachotoka bila ya hiari yangu hakinidhuru. Sijui dini ya kaka yako, lakini kama anajizuia kwenda ibadani kwa sababu hiyo, amuendee kiongozi wake wa dini amuulize waziwazi.

Msimlazimishe kupokea wageni. Mtu mmoja tu wa nyumbani ajifunze kubadilisha mfuko pamoja naye, na asigeuze uso.


Afisa Lishe, Morogoro

Ndugu, kwa kuwa kichwa cha mada kinagusa pia ninyi wadogo zake, niongeze machache kuhusu chakula na mwili. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi ya upasuaji katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliandika mwaka 1971 kwamba ugonjwa huu ni nadra kwa Waafrika wa vijijini aliowahudumia kwa sababu vyakula vyao vina nyuzinyuzi nyingi. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba mambo ni mengi kuliko nyuzinyuzi pekee, lakini hoja yake ya msingi imesimama, na inaniuma kuona kwamba sisi wenyewe ndio tunaokiacha chakula alichokisifu. Dona imepisha sembe nyeupe, mtama na ulezi vimebaki uji wa watoto, na mtu anahesabu kuwa amepiga hatua anapokula chipsi na soseji kila jioni.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilitangaza mwaka 2015 kwamba nyama zilizosindikwa, kama soseji na bekoni, husababisha saratani ya utumbo mpana, na kwamba kila gramu 50 zinazoliwa kwa siku huongeza uwezekano kwa takribani asilimia 18. Nyama nyekundu ya kawaida iliwekwa katika kundi la zinazoelekea kusababisha. Pombe, tumbaku na unene wa kitambi navyo vimethibitika. Maharage, kunde, mbaazi, tembele, mchicha na dona ndiyo mahali pa kuanzia, na samaki wenu wa ziwani hawana kosa lolote.

Kwa kaka, subirini amalize dawa, kisha asibaki kitandani. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana waliokwisha kumaliza tibakemia, wengi wao wakiwa Kanada na Australia. Waliosimamiwa kufanya mazoezi kwa miaka 3, zaidi yakiwa ni kutembea kwa kasi, asilimia 80 walikuwa hawana ugonjwa baada ya miaka 5, ikilinganishwa na asilimia 74 ya waliopewa vitabu vya ushauri tu. Kutembea kunamwezekana hata mwenye mfuko.


Mdogo wa Mgonjwa, Mwanza

Daktari, shikamoo, na ninyi wote nawashukuru kwa moyo wenu. Nimewasomea baba zetu wadogo maelezo yenu mstari kwa mstari. Suala la miezi mitatu limewagusa, na mmoja wao amekubali kumsindikiza kaka kliniki wiki ijayo. Ujumbe wa Mombasa nilimpa kaka asome mwenyewe, akauliza milimita 2 zikoje, akaleta rula.

Kuhusu swali lako: baba alifariki kwa ajali akiwa kijana, hatujui angeugua nini. Dada yake baba, shangazi yetu, alifariki akiwa na miaka 48 kwa saratani ya mji wa mimba. Nimemuuliza binti yake, amesema haikuwa ya mlango wa kizazi, bali ya ndani kwenye mji wenyewe, na alipasuliwa. Kwa miaka yote tumeihesabu kama ugonjwa wa wanawake usiohusiana na haya. Je, vinahusiana?


Daktari wa Upasuaji, Dodoma

Marahaba dada. Vinaweza kuhusiana, na ndiyo sababu nilikuuliza.

Kuna hali ya kurithi iitwayo sindromu ya Lynch, iliyopewa jina la daktari wa Marekani Henry Lynch. Mwili wa kila mtu una jeni zinazorekebisha makosa yanayotokea chembe zinapojigawa, na wenye hali hii wamezaliwa na kasoro katika mojawapo ya jeni hizo. Matokeo yake ni saratani ya utumbo mpana na ya mji wa mimba katika umri mdogo, wakati mwingine pia ya tumbo, ya ovari au ya njia ya mkojo. Mzazi mwenye kasoro hiyo ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kumrithisha kila mtoto, awe wa kike au wa kiume, kwa hiyo baba yenu angeweza kuibeba na kuipitisha bila yeye kuugua. Sisemi kwamba mnayo. Ninasema kwamba shangazi wa miaka 48 na kaka wa miaka 46, kwa pamoja, wanatosha kutufanya tuitafute.

Kuitafuta kunaanzia kwenye kinyama kilichokwisha kutolewa. Maabara ya patholojia huhifadhi kipande cha uvimbe ndani ya nta, wenyewe wanakiita bloku, na kipande hicho ni haki ya mgonjwa kukiombea kipimo kingine. Wiki ijayo mkiwa kliniki, mwombeni daktari wa saratani aagize kipimo cha protini nne za urekebishaji: MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2. Kama maabara ya hapo haina vitendanishi, bloku inaweza kutumwa kwenye maabara kubwa zaidi. Protini zote zikionekana, sindromu hiyo inakuwa na uwezekano mdogo, na utaratibu nilioueleza mwanzo wa kuanza na miaka 36 unabaki, mkirudia kila baada ya miaka 5 mkikutwa safi. Mojawapo ikikosekana, hatua inayofuata ni kipimo cha jeni kwa kaka mwenyewe, kwa sababu upo uvimbe unaopoteza MLH1 bila kurithi. Na jeni yenye kasoro ikipatikana, wewe, mdogo wako na watoto wa kaka mtapimwa damu kuangalia hiyo moja tu. Asiyekuwa nayo anarudi kuwa mtu wa kawaida. Aliye nayo anaanza kolonoskopi akiwa na miaka 20 hadi 25 na kuirudia kila mwaka mmoja au miwili, na wanawake hufuatiliwa pia mji wa mimba. Binti wa shangazi naye aelezwe, maana yeye yuko karibu zaidi na tatizo kuliko ninyi.

Majibu hayo yanamsaidia kaka pia. Ugonjwa ukiwahi kurudi, uvimbe uliokosa protini hizo hujibu vizuri zaidi kwa dawa zinazoamsha kinga ya mwili ipambane na saratani, kama pembrolizumab, kuliko kwa tibakemia ya kawaida. Kuna pia aspirini: jaribio lililofanywa kwa watu wenye sindromu hii lilionyesha kwamba miligramu 600 kwa siku kwa angalau miaka 2 zilipunguza saratani ya utumbo mpana miaka kadhaa baadaye. Asiianze mtu yeyote nyumbani, hasa mwenye vidonda vya tumbo, hadi jeni ithibitike na daktari aridhie.

Kipimo cha bloku kisicheleweshe dripu ya kwanza. Mambo hayo mawili yaende sambamba. Wewe kolonoskopi yako usiisubirishe majibu hayo, kwa kuwa kwa vyovyote umri wako umefika. Kama unatumia vidonge vya chuma, viache wiki moja kabla, na siku ya maandalizi kunywa dawa ya kusafisha tumbo yote hata ikikukera, kwa sababu utumbo wenye mabaki huficha polipu ndogo na utalazimika kurudia. Kijana wa miaka 19 asiingizwe kamera sasa. Mwacheni aendelee na masomo hadi majibu ya baba yake yatoke, kisha mlete swali lake hapa au kliniki.